Alistaafu, akarudi, akatwaa ubingwa: safari ya kipa Szczęsny na maswali yanayowachanganya mashabiki

Tarehe 27 Agosti 2024 kipa wa Poland, Wojciech Szczęsny, alitangaza kwamba ameachana na soka. Alikuwa na umri wa miaka 34, ametoka kuvunja mkataba na Juventus ya Italia kwa makubaliano, na katika ujumbe wake wa kuaga alieleza kuwa mwili bado unaweza lakini moyo haupo tena. Siku 36 baadaye, Oktoba 2, Barcelona ikamtambulisha kuwa kipa wake mpya. Dirisha la usajili la Hispania, yaani kipindi ambacho klabu huruhusiwa kusajili wachezaji, lilikuwa limeshafungwa zaidi ya mwezi mmoja. Msimu ulipoisha, mstaafu huyo alikuwa na ubingwa wa La Liga (ligi kuu ya Hispania), Kombe la Mfalme na Kombe la Super la Hispania.

Tangu hapo maswali hayajaisha vijiweni wala mitandaoni. Mtu aliyestaafu anasajiliwaje? Dirisha likishafungwa, Barcelona walipenyea wapi? Kama kweli ni kipa hodari, mbona Arsenal walimtoa kwa mkopo mara mbili mfululizo, na mbona Juventus walimwachia aondoke bure? Halafu huyu si ndiye yule wa sigara? Kwa Afrika Mashariki mjadala huu una uzito wa pekee, maana Arsenal ina mashabiki wasiohesabika huku kwetu, na wengi wao Szczęsny wanayemkumbuka ni kijana aliyewapasua moyo kwenye fainali ya 2011.

Majibu yapo, na si magumu. Ila yanataka kwanza tuelewane kuhusu maneno machache tunayoyatumia kila siku bila kuyachunguza.

Kustaafu si kufungiwa

Katika soka, kustaafu ni tamko tu. Hakuna fomu ambayo mchezaji akishaisaini haruhusiwi tena kukanyaga uwanja. Kinachotambuliwa na FIFA na vyama vya soka ni mkataba na usajili: ama una mkataba na klabu, ama huna. Asiye na mkataba ni mchezaji huru, awe ametangaza kustaafu, awe anatafuta timu, awe amekaa nyumbani na familia yake. Tena kanuni za FIFA zinasema mchezaji wa kulipwa anayemaliza soka baada ya mkataba wake kuisha hubaki kwenye usajili wa chama cha soka cha klabu yake ya mwisho kwa miezi 30. Kwa hiyo jina halifutwi siku ile unapoaga.

Vilevile kuna kustaafu kwa aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mtu anaweza kuachana na timu ya taifa akaendelea na klabu, na wapo wengi waliofanya hivyo. Szczęsny mwaka 2024 aliaga vyote viwili kwa pamoja. Aliporudi, alirudi kwenye klabu peke yake. Poland aliiacha akiwa ameichezea mechi 84. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini hakuitwa tena timu ya taifa wakati anang'ara Barcelona, jibu ni kwamba kwenye taifa tamko lake alilishikilia.

Sasa dirisha. Wengi wetu tunaamini likifungwa, limefungwa kwa kila mtu. Sivyo. Dirisha linawabana zaidi wachezaji wanaotoka klabu moja kwenda nyingine. Kanuni za FIFA zinaruhusu mchezaji huru kusajiliwa hata baada ya dirisha kufungwa, ilimradi mkataba wake wa mwisho uliisha kabla ya siku ya kufungwa. Ziangalie tarehe: Szczęsny na Juventus waliachana Agosti 14. Dirisha la Hispania lilifungwa Agosti 30. Angechelewa kuvunja mkataba hadi katikati ya Septemba, Barcelona wangelazimika kusubiri Januari, na pengine wangekuwa wameshampata mtu mwingine.

Kuna kipengele cha tatu ambacho hakisemwi sana, nacho ni fedha. La Liga huiwekea kila klabu kikomo cha matumizi ya kikosi, na Barcelona kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakisajili kwa kubanwabanwa na kikomo hicho. Lakini mchezaji akiumia kiasi cha kukaa nje zaidi ya miezi minne, klabu huruhusiwa kutumia sehemu ya mshahara wake, hadi asilimia 80, kumsajili wa kuziba pengo. Septemba 22, 2024, kwenye mechi ya ugenini dhidi ya Villarreal, kipa na nahodha Marc-André ter Stegen aliruka kuufuata mpira wa juu, akatua vibaya, ukano wa goti la kulia ukakatika. Alitolewa kwa machela. Mlango wa kanuni ulikuwa wazi tayari; jeraha lile ndilo lililofungua mlango wa fedha.

Szczęsny akapewa mkataba hadi Juni 30, 2025 na jezi namba 25. Hata hiyo namba ina maelezo yake: kwenye ligi ya Hispania makipa huvaa 1, 13 au 25. Moja ilikuwa ya ter Stegen, 13 ya Iñaki Peña. Yeye akachukua iliyobaki.

Usukani ni mmoja

Hapa ndipo penye kiini cha safari nzima ya mtu huyu, na naomba tukae kidogo.

Basi la masafa marefu, tuseme la Dar es Salaam kwenda Mwanza, hubeba madereva wawili, lakini usukani ni mmoja. Yule aliyelala kiti cha nyuma ana leseni ile ile na anaijua barabara ile ile. Hakuna namna ya kumpunguzia mwenzake kazi kwa kushika nusu ya usukani. Anasubiri mpaka mwenzake achoke, augue, au aache kazi. Kipa wa pili anaishi hivyo msimu mzima. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto. Kiungo ataingizwa dakika ya 60 kuongeza nguvu. Kipa haingizwi kuongeza nguvu. Akiingia dakika ya 60, ujue kuna mtu ameumia au amelambwa kadi nyekundu.

Ukilishika hilo, utaona kwamba kila kona ya maisha ya Szczęsny imekunjwa na kipa mwingine.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1990 katika nyumba ya kipa. Baba yake, Maciej Szczęsny, alidakia timu ya taifa ya Poland na kutwaa ubingwa wa nchi hiyo na klabu nne tofauti: Legia, Widzew Łódź, Polonia Warszawa na Wisła Kraków. Mtoto akaanza kwao, na mwaka 2006, akiwa na miaka 15, akahamia Arsenal. Mwishoni mwa 2008 chuma cha kunyanyulia uzito kilimwangukia akiwa mazoezini na kumvunja mikono yote miwili, chini ya viwiko. Fikiria kijana wa miaka 18, kipa, mikono yote miwili ndani ya plasta. Alikaa nje miezi kadhaa. Mimi nikisikia watu wanasema huyu bwana alikuwa na bahati tu, huwa nawakumbusha kisa hiki.

Alipopona alipelekwa Brentford kwa mkopo msimu wa 2009/10, wakati Brentford iko daraja la tatu. Na hapa tulisahihishe jambo. Mkopo maana yake klabu inabaki na mkataba wako, inakupeleka kucheza kwingine kwa muda. Kwa mshambuliaji aliyekwisha kukomaa, mkopo mara nyingi ni dalili kwamba ameshindwa kupata namba. Kwa kipa kijana ni shule. Kudaka kunakomaa kwa mechi za kweli: krosi zinazokuja na miili ya watu ndani yake, mabeki wanaopiga kelele, mashabiki wanaokutukana nyuma ya nyavu. Mazoezini hupati hayo.

Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa Old Trafford, Desemba 13, 2010, Arsenal wakafungwa 1-0 na Manchester United. Mwezi uliofuata Łukasz Fabiański, Mpoland mwenzake aliyekuwa mbele yake, aliumia bega, na Szczęsny akaushika usukani. Alikuwa na miaka 20.

Aliushikilia miaka minne hivi. Mwaka 2015 akasajiliwa Petr Čech kutoka Chelsea, na kiti kikawa na mwenyewe. Szczęsny akaenda Roma kwa mkopo, akarudi huko kwa mkopo wa pili. Msimu wa 2016/17 ndani ya Roma alikuwa na msaidizi kutoka Brazil ambaye kwenye ligi alisugua benchi mwaka mzima, akidaka mechi za vikombe tu. Jina la msaidizi huyo ni Alisson Becker. Mwaka 2018 Liverpool walimnunua kwa bei iliyoweka rekodi ya dunia kwa kipa wakati ule. Anayeamini kwamba kipa wa benchi ni kipa mbovu, amtazame Alisson.

Mwaka 2017 Juventus wakamnunua Szczęsny moja kwa moja. Alikubali kukaa nyuma ya Gianluigi Buffon kwa msimu mmoja, akijua Buffon yuko ukingoni. Mwaka 2018 Buffon akaenda PSG, na Mpoland akawa namba moja. Mwaka uliofuata Buffon alirejea Juventus, safari hii akiwa msaidizi, na utaratibu haukubadilika. Kwa miaka saba Szczęsny alicheza mechi 252 za Juventus, akatwaa ubingwa wa Italia mara tatu mfululizo kuanzia 2018, na mwaka 2020 Serie A ikamtaja kipa bora wa msimu.

Kisha 2024 Juventus wakamleta Michele Di Gregorio kutoka Monza, mdogo kwake kwa miaka saba na mwenye mshahara mwepesi. Ndiyo maana nasema "kuachiwa bure" hakukuwa hukumu ya kipaji. Klabu ilikuwa imeamua nani ataendesha, na haikuwa na sababu ya kumlipa dereva wa pili mshahara mkubwa. Mwezi mmoja baadaye goti la ter Stegen likakatika.

Čech, Buffon, Di Gregorio, ter Stegen. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa mikononi mwa Szczęsny.

Kwa nini makosa yake tunayakumbuka sana

Fainali ya Kombe la Ligi, Februari 27, 2011, Arsenal na Birmingham, sare ya 1-1, dakika ya 89. Mpira mrefu unaingia kwenye boksi. Beki Laurent Koscielny anataka kuupiga, Szczęsny anatoka kuudaka. Wanasitasita, wanagongana mawazo, mpira unamponyoka kipa na kudondoka mbele ya Obafemi Martins wa Nigeria akiwa na lango tupu. Martins hakuwa na kazi kubwa. Arsenal walikuwa hawajatwaa kombe lolote tangu 2005, na walisubiri hadi 2014.

Kosa lile lilikuwa la watu wawili walioshindwa kuzungumza. Lakini picha iliyobaki ni ya kipa, kwa sababu nyuma ya kipa hakuna mtu wa kumfichia aibu. Beki akikosea, kipa anaokoa na sisi tunasahau. Kipa akikosea, ubao unabadilika.

Orodha yake ni ndefu na sitaki kuipunguza. Ufunguzi wa Euro 2012 (michuano ya mataifa ya Ulaya), nyumbani Warsaw mbele ya taifa zima: kadi nyekundu dhidi ya Ugiriki, akaokolewa na Przemysław Tytoń aliyeingia na kupangua penalti ileile. Kombe la Dunia 2018, Moscow, dhidi ya Senegal: M'Baye Niang alikuwa nje ya uwanja akitibiwa, mwamuzi akamruhusu kurudi wakati ule ule Grzegorz Krychowiak anarudisha pasi ndefu ya juu kwa kipa wake. Szczęsny akatoka mbio, Niang akamuwahi, akausukuma mpira kwenye lango tupu, na Afrika nzima ikashangilia. Sote tuliliona bao lile kama kosa la kipa. Lirudie sasa kwenye video: pasi ilikuwa mbaya, beki hakumwona Niang akiingia, na kipa alikuwa na sekunde mbili hivi za kuamua kutoka au kubaki. Aliamua vibaya. Lakini hakuanza yeye.

Lile la Euro 2020, lililochezwa 2021 dhidi ya Slovakia, linahitaji maelezo zaidi, kwa sababu vitabu vinamtaja kama kipa wa kwanza kujifunga katika historia ya michuano hiyo. Ukisoma hivyo utadhani aliudaka akautumbukiza. Kilichotokea ni kwamba Róbert Mak alipiga shuti, likagonga mlingoti, likarudi na kumpiga kipa aliyekuwa tayari ameruka, likaingia. Utaratibu wa kuhesabu mabao unasema shuti ambalo lisingeingia bila kumgusa mpinzani huandikwa kuwa la kujifunga. Ni suala la uandishi wa rekodi. Kipa yeyote aliyeruka upande sahihi angeweza kuandikwa hivyo.

Mechi bila kuruhusu bao: kipimo kinachodanganya

Msimu wa 2013/14 Szczęsny na Čech waligawana tuzo ya glovu ya dhahabu ya Ligi Kuu ya Uingereza, kila mmoja akiwa na mechi 16 bila kuruhusu bao. Kwa wengi, huo ni ushahidi kwamba alikuwa kipa bora wa nchi mwaka ule.

Sasa angalia mechi tatu za msimu huohuo. Manchester City 6, Arsenal 3. Liverpool 5, Arsenal 1. Chelsea 6, Arsenal 0. Zote alidaka yeye. Ni mabao 17 katika mechi tatu, wakati Arsenal msimu mzima wa mechi 38 waliruhusu 41. Mtu yule yule, msimu ule ule, tuzo mkononi.

Hii haimaanishi kwamba tuzo ni ya uongo. Hesabu hii inapima ni mara ngapi timu nzima ilimaliza bila kufungwa, basi. Haitofautishi kipa aliyeokoa michomo kumi na yule aliyesimama dakika 90 bila kuguswa, na kufungwa sita inakuhesabia sawasawa na kufungwa moja. Ukitaka kumjua kipa, tazama mashuti aliyokabiliana nayo yalikuwa magumu kiasi gani, na mangapi kati yake yaliingia. Szczęsny wa 2014 alikuwa kipa mzuri nyuma ya timu iliyokuwa ikivunjika vibaya ikivunjika. Nadhani hiyo ndiyo hukumu ya haki.

Penalti za Qatar

Mlingoti hadi mlingoti ni mita 7.32, urefu kwenda juu mita 2.44, na mpira umewekwa mita 11 kutoka mstarini. Ukipigwa kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa unafika kwa sekunde 0.4 hivi. Ndani ya muda huo mwili wa binadamu hauwezi kuona mpira unakoenda, kuamua, kisha kuruka hadi mlingotini. Kwa hiyo kipa huanza kusogea kabla, akisoma hatua za mpigaji, nyonga, na mguu wa kusimamia, huku akiwa na taarifa alizoandaliwa kuhusu tabia za mpigaji huyo. Sheria inamtaka angalau sehemu ya mguu mmoja iwe juu ya mstari, usawa wake au nyuma yake mpira unapopigwa. Kuita hiyo kubahatisha ni kutoitendea haki kazi yenyewe. Bahati ipo, lakini inamkuta mtu aliyejiandaa.

Novemba 26, 2022, kwenye Kombe la Dunia la Qatar, Poland wakiongoza 1-0 dhidi ya Saudi Arabia, kuelekea mapumziko Salem Al-Dawsari alipiga penalti. Szczęsny aliipangua. Mpira ukarudi kwa Mohammed Al-Breik, naye akaupiga tena, na kipa aliyekuwa bado yuko chini akainuka na kuupangua juu ya mwamba. Kuokoa kwa pili ndiko kunakonistaajabisha hadi leo, kwa sababu hakukuwa na muda wa kusoma chochote. Poland walishinda 2-0.

Siku nne baadaye, Argentina. Wakati wa kugombea mpira wa juu, glovu ya Szczęsny ilimgusa Lionel Messi usoni, VAR (waamuzi wasaidizi wa video) ikamwita mwamuzi kwenye skrini. Szczęsny baadaye alisimulia kwamba walipokuwa wakisubiri aliwekeana dau la euro 100 na Messi kuwa penalti haitatolewa. Alipoteza dau. Penalti ikatolewa, Messi akapiga, Szczęsny akaipangua. Argentina walishinda 2-0 hata hivyo, na wengi wakauliza faida yake ilikuwa nini.

Faida ilikuwa hii. Poland na Mexico, waliokuwa kundi moja, walimaliza hatua ya makundi na pointi nne kila mmoja. Poland walivuka kwa sababu tofauti yao ya mabao ilikuwa sifuri na ya Mexico ilikuwa pungufu ya moja. Laiti Messi angefunga na mengine yote yakabaki vilevile, Poland nao wangekuwa pungufu ya moja. Mabao ya kufunga: mawili kwa mawili. Mechi yao wenyewe: 0-0. Wangehesabiana kadi za njano ili kujua nani anavuka. Penalti ile iliwaepusha na hilo, ingawa Ufaransa waliwatoa hatua iliyofuata kwa 3-1.

Kupangua penalti mbili ndani ya Kombe la Dunia moja, bila kuhesabu mikwaju ya kuamua mshindi, kabla yake walikuwa wamefanya wawili tu: Jan Tomaszewski, Mpoland mwenzake, mwaka 1974, na Mmarekani Brad Friedel mwaka 2002.

Barcelona, na ile sigara

Hakupewa lango siku ya kwanza. Kwa miezi mitatu Iñaki Peña alidaka na mstaafu akajenga mwili. Alianza Januari 4, 2025 dhidi ya Barbastro kwenye Kombe la Mfalme, na siku nane baadaye yuko Jeddah kwenye fainali ya Kombe la Super dhidi ya Real Madrid. Barcelona walikuwa wanaongoza 5-1 alipotoka nje ya boksi, akamwangusha Kylian Mbappé, akalambwa kadi nyekundu. Iliisha 5-2.

Watu wakacheka: ndiye huyu mliyemfufua? Lakini kocha Hansi Flick anacheza na mabeki waliosogea karibu kabisa na katikati ya uwanja ili kuwanasa washambuliaji kwenye mtego wa kuotea. Mtego ukifeli, kati ya beki wa mwisho na kipa panabaki uwanja mtupu, na kipa lazima aamue papo hapo. Szczęsny alikuwa amezoea Italia, ambako mabeki wake walikaa jirani naye zaidi. Alikuwa anajifunza kazi mpya akiwa na miaka 34.

Ilionekana wazi Lisbon. Januari 21, dhidi ya Benfica kwenye Ligi ya Mabingwa, alitoka langoni akagongana na beki wake Alejandro Balde na Vangelis Pavlidis akafunga. Muda mfupi baadaye akasababisha penalti. Barcelona waliokoka kwa 5-4. Wiki sita baadaye, uwanja uleule, Pau Cubarsí alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 22. Wakiwa kumi, Szczęsny aliokoa mashuti manane, Raphinha akafunga, Barcelona wakaondoka na 1-0. Kutoka hapo hakuna aliyeuliza tena nani ni namba moja msimu ule.

Kuhusu sigara. Januari 1, 2015 Arsenal walifungwa 2-0 na Southampton, Sadio Mané akifunga la kwanza baada ya kipa kutoka bila sababu. Vyombo vya habari vya Uingereza viliripoti kwamba baada ya mechi alikutwa akivuta bafuni na akapigwa faini. Alipoteza namba kwa David Ospina, na simulizi likawa kwamba sigara ilimfukuza Arsenal. Si hivyo tu. Alikuwa amecheza vibaya siku ile, Ospina alicheza vizuri wiki zilizofuata, na Mei mwaka huohuo Szczęsny ndiye aliyedaka fainali ya Kombe la FA waliyoshinda 4-0 dhidi ya Aston Villa. Usajili wa Čech ndio uliomwondoa.

Anavuta, na hajawahi kulificha. Alipofika Barcelona alisema maisha yake binafsi hatayabadilisha. Kijana anayedaka mtaani asichukue hapo ruhusa. Kipa hukimbia nusu au pungufu ya umbali anaokimbia kiungo katika mechi, kwa hiyo madhara ya mapafu hayaonekani uwanjani haraka. Kutoonekana si kutokuwepo.

Kuna pia swali la umri. Miaka 34 kwa winga ni jioni. Kwa kipa, Essam El-Hadary wa Misri alicheza Kombe la Dunia 2018 akiwa na miaka 45 na akapangua penalti ya Saudi Arabia. Buffon aliacha akiwa na umri huohuo. Kudaka kunategemea kusimama mahali sahihi kuliko mbio, na hilo huongezeka kwa miaka.

Julai 2025 Szczęsny aliongeza mkataba hadi 2027, ingawa Barcelona walikuwa wameshamsajili Joan García kutoka Espanyol kuwa namba moja. Safari hii alijua anasaini kukaa nyuma. Septemba García akaumia goti, Mpoland akarudi langoni, na Oktoba 26 akapangua penalti ya Mbappé kwenye mechi ambayo Barcelona walifungwa 2-1 na Real Madrid. García alipopona, alirudishiwa lango. Mkataba wa Szczęsny ukiisha Juni 2027 atakuwa na miaka 37.